Kodi Iwe na Mlango Mmoja

Siku ya Jumatatu, Mei 15, 2023, maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam hayakufunguliwa. Soko ambalo wachuuzi wa mikoa yote ya nchi hii hulitegemea, na ambalo wateja wake husafiri kutoka Zambia, Malawi, Burundi, Komoro na Kongo, lilikuwa mitaa mitupu yenye makufuli milangoni. Mgomo huo ulikwisha baada ya Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, kwenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara hadharani. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2024, maduka yakafungwa tena, na safari hiyo mgomo ukavuka mipaka ya Dar es Salaam na kuingia katika miji mingine.

Jambo likitokea mara moja huweza kuitwa ajali. Likitokea mara mbili, hapana budi litafutiwe chanzo chake.

Wapo waliofanya haraka kuwaita wafanyabiashara hao wakwepa kodi. Wapo pia waliofanya haraka kuwaita watoza kodi wanyang'anyi. Kila upande ulikuwa na mfano wa kuonyesha, maana wakwepaji wapo na wababe wapo. Lakini aliyesikiliza kwa makini yaliyosemwa Mnazi Mmoja alitambua kwamba malalamiko makubwa hayakuwa ya kukataa kulipa kodi. Yalihusu kikosi kazi kilichokuwa kikipita madukani, agizo la kusajili stoo za kuhifadhia bidhaa, na wateja kusimamishwa njiani wakidaiwa risiti mpaka wengine wakaanza kulikimbia soko. Ugomvi ulihusu namna ya kutoza kuliko kutoza kwenyewe.

Hapo ndipo somo lilipo. Kodi moja, ambayo kiasi chake, siku yake na mlango wake vinajulikana, hulipwa hata na mtu asiyeipenda. Tozo kumi zinazodaiwa na watu kumi kwa nyakati kumi hukwepwa hata na mwananchi mwaminifu, na mwisho wake ni hasara mbili kwa pamoja: biashara hudumaa na Hazina hubaki na njaa.

NG'OMBE NA MAZIWA

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza jambo hili kwa mfano ambao kila mfugaji anaufahamu. Lilionya kwamba kuitaka Serikali itumie fedha zaidi bila ya kuongeza kodi ni sawa na kutaka maziwa zaidi huku ng'ombe akikatazwa kukamuliwa. Mfano huo hupendwa sana na watoza kodi. Lakini Azimio halikuishia hapo. Liliendelea kukiri kwamba ng'ombe mwenyewe hakuwa na maziwa zaidi, na kwamba kujua matumizi mengi mazuri ya maziwa hakuyaongezi maziwa yaliyomo kiweleni. Sehemu hiyo ya pili hutajwa mara chache.

Ukweli huo wa pande mbili haujazeeka. Bajeti ya Serikali iliyokuwa takriban shilingi trilioni 22.5 katika mwaka wa fedha 2015/16 ilifikia shilingi trilioni 56.49 katika mwaka 2025/26. Katika muda wa miaka kumi bajeti imezidi mara mbili. Hakuna mzalendo anayeweza kusema kwamba mahitaji yaliyoikuza hayakuwa ya kweli. Tangu mwaka 2016 watoto wanasoma bila ada hadi kidato cha nne. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Reli mpya imefika Morogoro na Dodoma. Zahanati zinahitaji dawa, na walimu wanahitaji mishahara na nyumba.

Mambo hayo yote yanahitaji fedha, na nchi inayotaka kujitegemea haiwezi kuzitafuta daima kwa kukopa. Kwa hiyo swali kama kodi itozwe au isitozwe limekwisha kujibiwa. Swali linalobaki ni hili: je, ng'ombe anakamuliwa kwa mkono mmoja wenye ustadi, au kila apitaye anashika chuchu na kuvuta?

HISTORIA

Mwananchi wa nchi hii hakuanza jana kuitilia kodi mashaka. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, walitafuta mapato, na pia walitafuta watu. Mtu asiyekuwa na fedha ya kulipia kibanda chake alilazimika kuliacha shamba lake na kwenda kufanya kazi katika shamba la mlowezi. Waingereza wakaendelea na kodi ya kichwa, na wazee wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru walikua wakisikia habari za watu waliokimbilia porini siku ya kuja kwa watoza kodi. Kodi ilikuwa alama ya kutawaliwa.

Ndiyo sababu mwaka 1969 Serikali ilifuta kodi hiyo ya mtu mmoja mmoja iliyokuwa ikitozwa na halmashauri, pamoja na ushuru wa mazao, na kuweka kodi ya mauzo ambayo ilikusanywa na Serikali Kuu. Lakini halmashauri zilizonyang'anywa chanzo chake zilidhoofika, na mwaka 1972 za vijijini zilivunjwa. Zilipofufuliwa mwaka 1984 zilirudi pamoja na Kodi ya Maendeleo, na kwa mara nyingine kijana asiye na stakabadhi akawa anaviziwa njiani, mnadani na kwenye kituo cha basi. Kodi hiyo nayo ikafutwa mwaka 2003 pamoja na kodi nyingine nyingi zilizokuwa kero, na mwaka uliofuata wafanyabiashara wadogo wakaondolewa ada ya leseni.

Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kila halmashauri ilibaki na barabara zake, shule zake na watumishi wake. Serikali Kuu iliahidi kufidia pengo kwa ruzuku, na halmashauri nyingi zikawa za kungoja fedha kutoka Hazina. Anayengoja hujifunza kubuni. Taratibu ushuru mdogo mdogo ukaanza kuchipua upya kwa majina mengine: ada hii ya maegesho, mchango ule wa usafi, kibali kile cha kusafirisha mzigo, ushuru huu wa geti. Ilipofika mwaka 2017 Serikali ililazimika kufuta makumi ya tozo katika kilimo na mifugo, na kuupunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula.

Historia hiyo inafundisha kwamba kodi mbaya ikifutwa bila ya kuweka nyingine nzuri mahali pake, kodi mbaya hurudi. Hurudi usiku, kwa jina jingine, na mara nyingi huwa mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu haijadiliwi na mtu.

MILANGO MINGI

Mtu anayetaka kuanzisha kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti, huko Singida au Dodoma, anafanya jambo ambalo viongozi wote wamelihimiza tangu Uhuru. Ananunua zao la mkulima jirani, anaajiri vijana, anapunguza mafuta yanayoagizwa kutoka nje. Mtu huyo hukutana na nini kabla ya tone la kwanza la mafuta?

Atasajili jina la biashara BRELA. Ataomba namba ya mlipakodi na kukadiriwa kodi TRA. Ataomba leseni halmashauri. Shirika la Viwango litakagua bidhaa na jengo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi utakagua jengo hilo hilo. Zimamoto watakuja kuangalia mitungi ya kuzimia moto. Baraza la Mazingira litauliza habari za moshi na maji machafu. Wakala wa Vipimo utapima mizani. Kila mmoja ana sheria yake, fomu yake, ada yake na siku yake ya kuja, na kila mmoja ana uwezo wa kufunga mlango.

Hakuna hata moja kati ya kazi hizo isiyo na maana. Mafuta machafu huua, mizani ya udanganyifu humwibia mkulima, na mfanyakazi aliyekatwa mkono na mashine isiyo na kinga hana wa kumrudishia mkono wake. Yeyote anayehubiri kwamba ukaguzi wote ufutwe ili biashara istawi anataka ustawi wa wachache juu ya migongo ya wengi.

Kasoro iko mahali pengine. Taasisi nyingi za udhibiti zimekuwa zikitegemea ada na faini kuendesha shughuli zake. Mkaguzi ambaye ofisi yake inaishi kwa faini hushawishika kuhesabu mafanikio kwa faini, wakati mafanikio halisi ya mkaguzi ni siku anayofika kiwandani na kukosa kosa la kuandika. Pale mapato yanapokuwa lengo la ukaguzi, usalama wa raia unakuwa kisingizio. Mwenye kiwanda naye hulitambua hilo upesi. Haulizi tena afanye nini ili mafuta yawe safi. Anauliza ampe nani kiasi gani ili aondoke. Hapo ndipo rushwa inapozaliwa.

Serikali yenyewe iliuona ugonjwa huu. Mwaka 2018 iliandaa Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara, ambao utekelezaji wake ulianza Julai 2019. Katika bajeti ya mwaka huo ada na tozo 54 zilifutwa au kupunguzwa, na kazi ya kukagua chakula ikahamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango, ili mwenye kiwanda cha chakula asikaguliwe na wawili kwa jambo moja. Huo ulikuwa mwanzo mwema. Lakini mpango haupimwi kwa idadi ya ada zilizofutwa katika kitabu cha bajeti. Hupimwa kwa idadi ya siku ambazo mwenye kiwanda anakaa kiwandani badala ya kukaa kwenye mabenchi ya ofisi.

MIFANO

Nchi hii haina haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa lipi linafaa na lipi halifai. Iko mifano ya hapa hapa, na kila mmoja una funzo lake.

Hadi mwaka 2017 kila mwenye chombo cha moto alitakiwa kulipia ada ya mwaka ya barabara. Gari bovu lililoegeshwa uani kwa miaka mitatu liliendelea kudaiwa, na ukaguzi wa stika ukawa mwanya wa watu kujipatia chochote barabarani. Mwaka huo ada ilifutwa na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo anayetembea sana hulipa sana, na gari bovu halidaiwi. Fedha hukusanywa katika maghala machache ya mafuta, bila ya mtu kusimamishwa njiani. Hata hivyo ushuru huo uliwekwa pia kwenye mafuta ya taa, na bibi kizee asiye na gari wala umeme akajikuta naye anachangia ada ya magari. Njia ilikuwa nzuri, ila macho hayakutazama kila upande.

Mwaka 2018, mwezi Desemba, wachuuzi wadogo ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Wengi wao walikuwa wamezoea kufukuzwa na mgambo, kunyang'anywa bidhaa na kulipa ushuru wa kila siku usio na hesabu. Walipanga mistari kuvipata. Waliokuwa wakidhaniwa hawataki kulipa chochote walilipa kwa hiari, kwa kuwa walijua wanalipa mara moja na wanapata utulivu. Upungufu ulikuwa kwamba kitambulisho kilimruhusu mtu kufanya biashara bila ya kusema aifanyie wapi, na mwaka 2021 wengi waliondolewa kandokando ya barabara walizokuwa wamezizoea.

Mwaka huo huo wa 2021, tarehe 15 Julai, ilianza tozo ya miamala ya simu. Nia yake haikuwa mbaya, kwani fedha zilizopatikana zilijenga vituo vya afya na madarasa ambayo yanaonekana kwa macho. Lakini tozo ilipanda kutoka shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, na ilimpata mtu kila alipotuma na kila alipotoa. Mama anayemtumia mtoto wake fedha za shule hakuwa amechuma faida yoyote ya kutozwa, maana alikuwa akihamisha tu shilingi ambayo imekwisha kukatwa kodi kazini au sokoni. Kelele zilipanda. Tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na mwaka 2023 ile ya kutuma ikafutwa. Kodi inayobadilishwa mara tatu katika miaka miwili inaonyesha kwamba hesabu yake ilifanyika baada ya kutozwa, wakati ilipaswa kufanyika kabla.

Kodi ya majengo nayo imepita mikononi mwa wengi. Ilikuwa ya halmashauri, ikahamishiwa TRA mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaunganishwa na ununuzi wa umeme. Ukusanyaji umekuwa rahisi, na mwenye nyumba ya kawaida anajua atakatwa kiasi gani kila mwezi. Lakini mita huwa mikononi mwa anayeishi ndani, naye mara nyingi ni mpangaji. Sheria inampa haki ya kurudishiwa na mwenye nyumba. Ni wapangaji wangapi wa Manzese au Mabatini wenye ubavu wa kumdai mwenye nyumba shilingi 1,500?

WAKUBWA

Mchuuzi anapolipa kwa wakati, anatazama pia upande wa pili wa barabara. Anataka kujua kama na mkubwa analipa.

Katika mwaka wa fedha 2011/12 misamaha ya kodi ilifikia takriban shilingi trilioni 1.8, kiasi ambacho wakati ule kingejenga mambo mengi. Makampuni ya madini yalikuwa yakilipa mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu, mpaka baada ya kazi ya Tume ya Jaji Mark Bomani ya mwaka 2008 sheria ikabadilishwa mwaka 2010 na mrabaha kuwa asilimia 4, na mwaka 2017 ukawa asilimia 6. Miaka mingi ilipita huku mchimba kokoto akidaiwa ushuru kila siku, na mwenye mgodi akidai kwamba bado hajapata faida.

Mwekezaji anastahili kuheshimiwa, na mkataba uliosainiwa una uzito wake. Lakini msamaha wa kodi ni fedha ya umma iliyotumika kama fedha nyingine yoyote, tofauti yake ni kwamba haikupita Hazina. Hapana budi ihesabiwe, itangazwe, na iwe na tarehe ya kukoma. Msamaha usiohesabiwa hulipiwa na yule asiyejua kuuomba.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya yote haya ni kupunguza kodi tu, na biashara ikistawi Hazina itajaa yenyewe. Maneno hayo ni matamu, na huko Marekani yamekwisha kujaribiwa. Majimbo ya nchi hiyo yana uwezo wa kujipangia kodi zake, na mwaka 2012 jimbo la Kansas, chini ya Gavana Sam Brownback, lilipunguza kodi ya mapato na kuyaondolea kabisa kodi hiyo mapato ya biashara nyingi ambazo si makampuni makubwa. Watu waliambiwa kwamba uchumi utaruka. Kilichoruka ni pengo la bajeti. Fedha za barabara zikahamishwa kuziba mashimo ya Hazina, baadhi ya shule zikafunga mapema mwaka 2015 kwa kukosa fedha, na kodi ya mauzo, ambayo humuumiza zaidi maskini anunuaye chakula, ikapandishwa. Mwaka 2017 wabunge wa jimbo hilo, wakiwemo wengi wa chama chake gavana mwenyewe, walizirudisha kodi juu ya pingamizi lake.

Kansas ni jimbo la nchi tajiri, na bado iliumia. Nchi ambayo mtoto wake bado anasoma chini ya mti haiwezi kucheza kamari ya namna hiyo.

DAFTARI

Haki ya mfanyabiashara haiwezi kutajwa bila ya kutaja wajibu wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria ya kodi imekuja kuwaunga mkono. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka alilipa shilingi 100,000 kama hakuwa na kumbukumbu, na shilingi 30,000 tu kama alikuwa nazo. Daftari la shilingi mia chache liliokoa shilingi 70,000. Kama wengi hawakulijua hilo, lawama iwaendee wote wawili: afisa ambaye hakufundisha, na mfanyabiashara ambaye hakuuliza.

Mashine za risiti zilianza kutumika mwaka 2010, na tangu hapo zimekuwa chanzo cha ugomvi usiokwisha. Wapo wenye maduka wanaomwuliza mteja kama anataka bei ya risiti au bei bila risiti. Mtu wa namna hiyo anafanya udanganyifu wa mchana. Kodi ya ongezeko la thamani ni fedha ya mteja, na muuzaji ameshikishwa tu ili aifikishe Hazina. Akiitia mfukoni amemwibia mteja na amemwibia mtoto wa mteja. Mnunuzi anayekubali bei ya pili naye ni mshirika katika wizi huo, hata kama kesho yake atalalamika kwamba hospitali haina dawa.

Lakini uaminifu hujengwa kwa mfano. Mfanyabiashara aliyelipa kodi hiyo zaidi ya anachodaiwa ana haki ya kurudishiwa. Marejesho yanapocheleweshwa, Serikali inakuwa imekopa kwake bila ya riba na bila ya kumwomba, ilhali yeye akichelewa siku moja anatozwa faini. Mzani wa namna hiyo hauwezi kumfundisha mtu kupenda kupimwa.

LA KUFANYA

Mwaka 2024 iliundwa Tume ya Rais ya kutazama mfumo mzima wa kodi, ikiongozwa na Balozi Ombeni Sefue. Tume nyingi zimewahi kuandika mengi mazuri, na thamani ya ripoti yoyote iko katika yale yanayotendwa baada ya kusomwa. Yapo mambo manne ambayo mwananchi wa kawaida atayatumia kupima kama mabadiliko ni ya kweli.

Kwanza, mlango uwe mmoja. Ada zote za leseni, ukaguzi na vibali zilipwe mahali pamoja, kwa hati moja, na taasisi zenyewe zigawane fedha huko nyuma bila ya kumzungusha mlipaji. Wakaguzi wanaotaka kufika kiwandani wafike siku moja pamoja.

Pili, mkaguzi asiishi kwa faini. Fedha za faini ziingie katika mfuko mkuu wa Serikali, na taasisi za udhibiti zipewe bajeti inayotosha kazi yake. Mtu akipewa jembe alime, asilazimishwe kuuza mpini ili apate chakula.

Tatu, kodi isibadilike kama hali ya hewa. Mtu anayenunua mashine ya kukamua alizeti leo anatazama miaka mitano au kumi ya kurudisha gharama yake. Akijua kwamba kila mwezi Juni huleta sheria mpya, atafanya biashara ya kununua leo na kuuza kesho, na nchi itabaki na wachuuzi wengi na viwanda vichache. Kodi mpya ijadiliwe na wanaoilipa kabla ya kuingia katika muswada, na viwango vikishawekwa viachwe vifanye kazi.

Nne, fedha iliyokusanywa ionekane mahali ilipokusanywa. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo ni njia nzuri kuliko hotuba kumi ya kumweleza mama lishe kwamba ushuru wake una faida. Lakini mikopo hiyo ilibidi isimamishwe mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, baada ya kugundulika fedha nyingi zilizokopeshwa bila kurejeshwa na vikundi ambavyo havikuwepo. Kila shilingi iliyoibwa katika mfuko wa namna hiyo huiba pia nia ya watu kumi ya kulipa kodi.

Mambo hayo hayahitaji wataalamu kutoka nje wala mkopo. Yanahitaji kila ofisi ikubali kupoteza sehemu ya mamlaka yake, na hilo ndilo gumu, kwa kuwa kila mlango wa kodi una mtu aliyezoea kukaa nyuma yake. Ofisi nyingi zitaunga mkono wazo la mlango mmoja, kwa sharti kwamba mlango wenyewe uwe wa kwake.

Mkulima wa alizeti, mwenye kinu, mchuuzi wa Kariakoo na mwalimu wa shule ya kijiji wamefungwa kwa kamba moja. Kinu kikifungwa kwa sababu ya utitiri wa ada, mkulima hukosa mnunuzi, mchuuzi hukosa bidhaa, Hazina hukosa kodi, na mwisho wa mwezi mwalimu hukosa chaki. Anayeutafuta mlipakodi mpya na anayemlinda wa zamani wanafanya kazi moja ile ile. Makufuli ya Mei 2023 yaliyaeleza hayo yote bila ya hotuba. Kilichobaki ni wenye funguo kufungua.